Kusajiliwa katika EMAS: mwongozo kamili kutoka ankara ya maji hadi namba ya usajili

Mpango wa Usimamizi na Ukaguzi wa Mazingira wa Umoja wa Ulaya, ambao huitwa zaidi kwa herufi zake EMAS, haumlazimishi mwenye biashara yeyote kuingia. Ulianzishwa kwa kanuni ya mwaka 1993, ukafunguliwa kwa viwanda mwaka 1995, na tangu mwaka 2001 umekuwa ukipokea taasisi za aina zote: hoteli, hospitali, vyuo vikuu, kampuni za usafi, hata ofisi za manispaa. Kanuni inayotumika sasa ni namba 1221 ya mwaka 2009, ambayo viambatisho vyake vilirekebishwa mwaka 2017 na 2018. Makubaliano yenyewe ni mepesi kueleza kuliko kutimiza. Biashara hupima athari zake kwa mazingira, huahidi kuzipunguza, huthibitisha kwamba haivunji sheria, kisha hutoa hesabu zake hadharani baada ya kuhakikiwa na mtu wa nje. Serikali nayo huiandika katika daftari lake na, katika nchi kadhaa, huipunguzia mzigo fulani wa vibali, ukaguzi au dhamana.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa biashara ndogo au ya kati iliyoko Ulaya, ingawa mwishoni nitaeleza kidogo jinsi biashara ya Afrika Mashariki inavyoweza kuomba. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano wa hoteli ya kubuni yenye vyumba 40. Takwimu za hoteli hiyo ni za mfano tu. Vipimo vya Umoja wa Ulaya ninavyozilinganisha navyo ni vya kweli.

Kabla ya kuanza: ulizia tuzo ya mahali ulipo

Wengi huanza kwa kuajiri mshauri, nao wanakosea. Swali la kwanza ni kwamba, katika nchi yako na katika sekta yako, serikali inatoa nini hasa kwa aliyesajiliwa. Kanuni ya EMAS ni moja kwa nchi zote wanachama, lakini tuzo hupangwa na kila nchi, na tofauti ni kubwa.

Italia ni mfano mzuri. Kiwanda kinachohitaji kibali cha pamoja cha mazingira hupewa kibali ambacho kwa kawaida hupitiwa upya baada ya miaka 10. Kikiwa na cheti cha ISO 14001, yaani kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa mazingira, muda huo huwa miaka 12, na kikiwa kimesajiliwa EMAS, huwa miaka 16. Kampuni ya kushughulikia taka, ambayo hulazimika kuweka dhamana ya fedha kabla ya kufanya kazi, hupunguziwa dhamana hiyo kwa asilimia 50 ikiwa na EMAS na asilimia 40 ikiwa na ISO 14001. Kwa kampuni ya taka, punguzo hilo peke yake laweza kulipa gharama zote za usajili. Nchini Ujerumani, kampuni kubwa zinazotakiwa kisheria kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 4 huondolewa sharti hilo zikiwa na EMAS. Kwa viwanda vilivyo chini ya Agizo la Utoaji wa Uchafuzi Viwandani la mwaka 2010, ushiriki katika EMAS ni moja ya vigezo ambavyo mamlaka huvitazama zinapopanga ni mara ngapi mkaguzi atabisha hodi.

Tuzo hizi hazidumu milele, na mwenye busara haweki hesabu zake zote juu yake. Ujerumani ilikuwa na nafuu kubwa ya kodi ya umeme na nishati kwa viwanda vyenye mfumo wa usimamizi kama EMAS, na nafuu hiyo ilikoma mwishoni mwa mwaka 2023. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya ufanisi wa nishati inayolazimisha kampuni zinazotumia wastani wa zaidi ya gigawati-saa 7.5 kwa mwaka kuwa na mfumo wa usimamizi wa nishati au EMAS. Kwa kampuni hizo, jambo lililokuwa la hiari lenye tuzo limekuwa mojawapo ya njia mbili za kutimiza wajibu.

Hoteli yetu ya vyumba 40 haina kibali cha kiwanda wala dhamana ya taka. Faida yake itatoka kwenye ankara za maji, umeme na taka, na kwenye zabuni: ofisi za umma zinazotafuta mahali pa mikutano huweza kuweka masharti ya usimamizi wa mazingira. Ukiona kwamba faida pekee utakayopata ni nembo ya kubandika mlangoni, ni afadhali uhesabu gharama mara mbili kabla ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: tathmini ya awali ya mazingira

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na ndipo ninapomshauri msimamizi atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Vishawishi vya kuanza kwa kuandika sera nzuri ni vingi, lakini sera iliyoandikwa kabla ya kupima hujaa maneno ambayo baadaye huwezi kuyatetea mbele ya mhakiki.

Kusanya kwanza ankara za maji, umeme, gesi na mafuta za miaka 3 iliyopita, stakabadhi za wakusanya taka, na orodha ya kemikali za usafi zilizonunuliwa. Usiamini makadirio ya mtu yeyote, pamoja na yako mwenyewe. Tembea kila chumba ukiwa na ramani ya jengo mkononi na uweke alama mahali maji yanapotumika, mahali joto linapopotea, mahali taka zinapozaliwa na mahali kemikali zinapohifadhiwa. Biashara ndogo huweza kutumia utaratibu uliorahisishwa uitwao EMAS Easy, ambao umejengwa juu ya ramani za namna hiyo; wahudumu wa vyumba na wapishi huzichora vizuri kuliko mhandisi wa kukodi, maana wao ndio wanaojua bomba lipi linavuja.

Baada ya hapo geuza takwimu ziwe uwiano. EMAS ina viashiria vikuu katika maeneo sita: nishati, malighafi, maji, taka, matumizi ya ardhi kwa kuzingatia bioanuwai, na utoaji wa gesi hewani. Kila kiashiria kina namba tatu. Namba A ni kiasi chote cha mwaka, namba B ni kipimo cha ukubwa wa shughuli, na namba R ni A ikigawanywa kwa B. Kwa hoteli, B inayofaa ni idadi ya wageni ikizidishwa kwa siku walizolala. Tuseme hoteli yetu ilitumia mita za ujazo 3,780 za maji katika mwaka uliokuwa na malazi 18,000 ya namna hiyo. Hiyo ni lita 210 kwa mgeni mmoja kwa usiku mmoja. Taka zilikuwa tani 16.2, yaani kilo 0.9 kwa mgeni kwa usiku.

Je, lita 210 ni nyingi au chache? Kamisheni ya Ulaya imetoa nyaraka rejea za sekta mbalimbali, na ile ya utalii ilitolewa mwaka 2016. Inataja kwamba hoteli yenye huduma kamili iliyofanya vizuri sana hutumia maji yasiyozidi lita 140 kwa mgeni kwa usiku, na huzalisha taka zisizozidi kilo 0.6. Hulazimiki kufikia viwango hivyo ndipo usajiliwe. Hata hivyo, unatakiwa kuzingatia waraka wa sekta yako kama upo, na mhakiki ataulizia. Mfano wetu umeonyesha mara moja kwamba maji na taka ndiyo mambo ya kushughulikia, na hakuna mkutano wa bodi ambao ungetufikisha hapo kwa haraka hivyo.

Usisahau athari zisizo za moja kwa moja. Ikiwa mashuka yanafuliwa na kampuni ya nje, maji yake hayaonekani kwenye ankara yako, lakini ni wewe unayechagua kampuni hiyo na unayeweza kuandika masharti katika mkataba. Vivyo hivyo kwa mchinjaji, muuza mboga na gari linalochukua wageni uwanja wa ndege. Kanuni inataka utazame pia safari nzima ya bidhaa, kuanzia inakotoka hadi inakotupwa, na ueleze ni vigezo gani ulivyotumia kuamua kwamba athari hii ni kubwa na ile ni ndogo.

Sehemu ya mwisho ya tathmini ni daftari la sheria. Orodhesha kila sheria ya mazingira inayokuhusu, kuanzia amri ya manispaa kuhusu mafuta ya jikoni hadi kanuni za gesi za mitambo ya kupoozea, na kando ya kila moja andika uthibitisho kwamba unaitii: kibali, ripoti ya kipimo, cheti cha fundi. Pasipo na uthibitisho, andika hivyo waziwazi na urekebishe kabla ya kwenda mbele. Maombi hukwama hapa mara nyingi kuliko kwingine kokote, kwa sababu EMAS haimsajili mtu ambaye mamlaka zina ushahidi kwamba anavunja sheria ya mazingira.

Hatua ya pili: sera, malengo na mpango wa kazi

Sasa andika sera. Ukurasa mmoja unatosha, mradi una ahadi tatu: kutii sheria, kuzuia uchafuzi, na kuboresha utendaji mwaka hadi mwaka. Uongozi wa juu uitie sahihi.

Malengo ndiyo yanayohitaji kufikiriwa. Kila lengo liwe na namba, tarehe, mtu anayewajibika na fedha zilizotengwa. “Kupunguza matumizi ya maji” si lengo. Kushuka kutoka lita 210 hadi 170 ndani ya miaka 3, kwa kubadilisha vichwa vya mabomba ya kuogea katika vyumba vyote 40, kusoma mita kila Jumatatu na kuweka mita ya pili jikoni, ni lengo. Weka unayoweza kuyafikia. Marekani iliwahi kuwa na mpango wa shirikisho unaofanana kwa kiasi na huu, uliobeba jina la National Environmental Performance Track, ulioanza mwaka 2000. Mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa ndani wa shirika la mazingira la nchi hiyo alichunguza wanachama 30 na kukuta ni 2 tu waliotimiza ahadi zao zote za kuboresha mazingira. Mwaka 2009 mpango ulifutwa. Katika EMAS, lengo ambalo halikufikiwa halikufukuzi lenyewe, ila itabidi ulieleze hadharani, na ni rahisi zaidi kueleza lengo la wastani lililokaribia kufikiwa kuliko ndoto iliyoporomoka.

Hatua ya tatu: mfumo na watu wake

Mfumo wa usimamizi wa EMAS umejengwa juu ya mahitaji ya ISO 14001, kwa hiyo mwenye cheti hicho haanzi upya. Anaongeza yale ambayo EMAS inayataka zaidi, hasa uthibitisho wa kutii sheria, ushirikishwaji wa wafanyakazi na taarifa ya wazi. Asiyekuwa nacho ataandika nani anawajibika kwa nini, jinsi dharura kama kumwagika kwa kemikali inavyoshughulikiwa, jinsi mita zinavyosomwa na kumbukumbu zinavyotunzwa, na jinsi hatari na fursa zinavyotazamwa. Hoteli ndogo haihitaji kitabu cha kurasa mia mbili.

Ushirikishwaji wa wafanyakazi ni sharti la kanuni, si mapambo. Mhakiki anaweza kumsimamisha mhudumu wa vyumba kwenye korido na kumuuliza anajua nini kuhusu malengo ya mwaka, au alipotoa pendekezo lilifika wapi. Kama wafanyakazi wako wanazungumza Kiswahili, Kiarabu au Kireno kuliko lugha ya nchi mliyomo, mafunzo yafanyike kwa lugha wanayoielewa, na karatasi ya mahudhurio ihifadhiwe.

Hatua ya nne: ukaguzi wa ndani

Mfumo ukishafanya kazi kwa muda wa kutosha kuacha kumbukumbu, ukague mwenyewe. Mkaguzi wa ndani anaweza kuwa mfanyakazi wako au mtu wa kukodi, lakini asikague kazi yake mwenyewe: mpishi mkuu hawezi kukagua jiko. Matokeo yapelekwe kwa uongozi, nao uyajadili na kuandika maamuzi. Muhtasari wa kikao hicho utaombwa.

Hatua ya tano: taarifa ya mazingira

Hati hii ndiyo inayoitofautisha EMAS na vyeti vingine, nayo ndiyo huwatia hofu wamiliki wengi. Ndani yake unaeleza biashara yako na muundo wake, sera, athari kubwa za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja, malengo na hatua zilizochukuliwa, viashiria vikuu pamoja na namba zake A, B na R, sheria zinazokuhusu na tamko kwamba unazitii, jina na namba ya ithibati ya mhakiki, na tarehe ya uhakiki. Takwimu zioneshe angalau miaka 3 iwapo zipo, ili msomaji aone mwelekeo. Kama kiashiria fulani hakikuhusu, eleza sababu, usikiache kimyakimya.

Shauri langu ni kuuandika mwaka mbaya kwa sauti ileile ya mwaka mzuri. Kama matumizi ya maji yalipanda kwa sababu bwawa la kuogelea lilipasuka, sema bwawa lilipasuka, taja mita za ujazo zilizopotea na tarehe lilipozibwa. Msomaji wa taarifa hizi, awe ofisa wa manispaa au mteja mkubwa, hutilia shaka zaidi jedwali ambalo kila mstari wake unashuka kwa unyoofu.

Hatua ya sita: mhakiki wa mazingira

Mhakiki lazima awe na ithibati au leseni inayohusu sekta yako hasa. Mwenye ruhusa ya kuhakiki viwanda vya chuma hawezi kutia sahihi taarifa ya hoteli. Lazima pia awe huru, kwa hiyo mshauri aliyekujengea mfumo hafai kuwa mhakiki wako. Unaweza kumchukua kutoka nchi nyingine mwanachama, naye atatakiwa kuiarifu mamlaka ya nchi yako angalau wiki 4 kabla ya kuanza kazi. Omba bei kwa wahakiki wawili au watatu, na uulize gharama ya mzunguko wote wa miaka 3, kwa maana bei ya mwaka wa kwanza peke yake hudanganya.

Atakapofika atasoma nyaraka, atatembea majengo, atahoji wafanyakazi, na atafuatilia baadhi ya namba hadi kwenye ankara. Andaa folda moja kwa kila kiashiria. Akikuta kasoro atakupa nafasi ya kuzirekebisha kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya saba: kuomba usajili

Maombi hupelekwa kwa chombo cha usajili cha nchi yako, yakiwa katika lugha rasmi ya nchi hiyo. Ujerumani kazi hii hufanywa na vyama vya wafanyabiashara na mafundi vya mikoa, Austria hufanywa na shirika la shirikisho la mazingira, na Italia ina kamati ya kitaifa. Unaambatisha taarifa ya mazingira iliyohakikiwa, tamko la mhakiki, fomu yenye maelezo ya biashara, na uthibitisho wa ada. Chombo hicho huuliza mamlaka za usimamizi wa sheria kama kuna ushahidi wa uvunjaji, na huangalia kama kuna malalamiko ya msingi kutoka kwa jirani au mdau mwingine. Ikiwa hakuna ushahidi wala malalamiko ya namna hiyo, unapewa namba ya usajili, na kuanzia hapo una mwezi mmoja wa kuiweka taarifa yako mahali ambapo umma unaweza kuipata.

Nembo unaweza kuitumia kwenye barua, tovuti na mlango wa hoteli. Usiibandike kwenye bidhaa wala kwenye vifungashio vyake, na usiitumie katika tangazo la kujilinganisha na mshindani. Kwa hoteli yetu maana yake ni kwamba chupa ndogo za sabuni bafuni zibaki bila nembo, hata kama mbunifu wa matangazo atasisitiza.

Kuubakiza usajili

Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa uhakiki kamili, na kila mwaka katikati unafanya ukaguzi wa ndani na kuhuisha taarifa ambayo nayo huhakikiwa. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 250 na mauzo yasiyozidi yuro milioni 50 kwa mwaka inaweza kuomba mzunguko uongezwe hadi miaka 4, na uhakiki wa katikati ufanyike kila baada ya miaka 2, mradi mhakiki athibitishe kwamba hakuna hatari kubwa ya mazingira, hakuna mabadiliko makubwa yanayopangwa, na hakuna tatizo kubwa la mazingira la eneo hilo ambalo biashara inachangia. Nafuu hii huombwa, haiji yenyewe. Ukijenga jengo jipya au kubadilisha shughuli kwa kiasi kikubwa, una miezi 6 ya kuhuisha tathmini, mpango na taarifa.

Kwa walio nje ya Ulaya

Tangu kanuni ya mwaka 2009, biashara iliyo nje ya Umoja wa Ulaya inaweza kusajiliwa kupitia nchi mwanachama inayokubali maombi ya namna hiyo. Hoteli ya Watamu au ya Nungwi inaweza kufuata hatua hizi zote, kwa nyongeza chache. Itatii sheria za nchi yake, na katika taarifa yake itataja pia sheria zinazozihusu biashara kama yake katika nchi inakoomba. Kwa hoteli ya Kenya, ripoti ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka inayopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, chini ya kanuni za mwaka 2003 ni malighafi nzuri ya tathmini ya awali. Kwa Tanzania Bara mahali pa kuanzia ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kumbukumbu zilizoko NEMC, chombo cha kitaifa cha usimamizi wa mazingira, na Zanzibar ni sheria yake ya mwaka 2015.

Gumu zaidi litakuwa kumpata mhakiki. Ithibati yake lazima iitaje nchi husika, na lazima azijue sheria na lugha rasmi ya nchi hiyo, au awe na mkataba na mtu anayezijua. Kwa hiyo unapoandika barua ya kwanza kwa mhakiki aliyeko Madrid au Berlin, muulize mambo mawili kabla ya bei: kama ithibati yake inafika Kenya au Tanzania, na ni nani katika kundi lake atakayekaa na wahudumu wako na kuwahoji kwa Kiswahili.